Karatasi Sita: Siku Saba Nikifuata Kura za Taita Taveta

Siku ya kwanza, Jumapili. Voi

Nimeshuka Voi saa saba mchana, jua limesimama utosini. Mkobani nina nguo chache, daftari, na bahasha ya kaki ambayo sijaiachia tangu Mombasa. Ndani yake mna nakala ishirini za Fomu 34A, moja kutoka kila wadi ya kaunti hii ya Taita Taveta. Ndiyo fomu ya matokeo ya urais, inayojazwa mle mle katika chumba cha kupigia kura, mawakala wakaitia sahihi, nakala ikabandikwa mlangoni. Baada ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka mtandaoni fomu za vituo vyote, zaidi ya 46,000, kila mtu azione. Wengi waliangalia jumla wakaenda zao. Mimi nilikaa nazo miezi, na kadiri nilivyozisoma ndivyo nilivyoona kwamba hazinitoshi.

Hazinitoshi kwa sababu mpigakura wa Kenya hapewi karatasi moja. Hupewa sita: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, na ile ya hudhurungi hafifu ya mwakilishi wadi. Zile zilizowekwa mtandaoni kwa wote zilikuwa za karatasi nyeupe tu.

Ukitaja Taita Taveta kule Mombasa, jibu ni moja: "Hiyo ni ngome ya Raila." Si uongo. Tangu kaunti zianze mwaka 2013, Raila Odinga ameongoza hapa katika kila uchaguzi mkuu, 2013, 2017 na 2022. Lakini hebu shuka chini ya karatasi nyeupe uone watu hao hao walifanya nini siku ile ya 2022. Ugavana walimpa Andrew Mwadime, mgombea huru asiye na chama. Useneta ukabaki kwa Jones Mwaruma wa ODM, chama cha Raila. Uwakilishi wa wanawake wakamrudishia Lydia Haika, safari hii kwa tiketi ya UDA, chama cha mpinzani mkuu wa Raila. Wabunge wanne: watatu wa Wiper, mmoja wa Jubilee. Ngome gani hiyo yenye milango mingi namna hii? Nimekuja kuiuliza milango yenyewe.

Jioni nimekaa na mwendesha bodaboda mmoja nje ya stesheni ya zamani ya reli. Voi ni mji wa reli tangu zamani, na reli huleta watu: Wadawida na Wasaghala, Wakamba, Wajaluo, Wasomali, watu wa pwani na wa bara. Kijana ana miaka ishirini na sita, amepiga kura mara moja tu. "Ndugu yangu, hapa Voi ukisema kabila fulani limebeba kiti, umekosea hesabu. Hakuna anayetosha peke yake." Nimemuuliza 2027 itakuwaje, ilhali Baba hayupo tena. Raila alifariki Oktoba 15, 2025. Kijana amekaa kimya kidogo, akaniambia nyumbani kwao picha yake bado iko ukutani na mama yake hataki iguswe.

Siku ya pili, Jumatatu. Sagalla, kisha Kasighau

Asubuhi na mapema nimepanda bodaboda hadi chini ya mlima Sagalla. Mama aliyenipokea alikuwa shambani tayari. Hakusubiri nimalize kujieleza, alinishika mkono akanipeleka kuona. Mahindi yamelala upande mmoja kama yaliyolaliwa na upepo, ila upepo hauachi nyayo. Unyayo mmoja niliupima kwa mkono wangu: shubiri mbili na zaidi, mviringo kama sinia, na ndani yake mikunjo ya ngozi imejichora kwenye udongo mbichi utadhani ramani. Pembeni kuna uzio wa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Ndovu akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, na ndovu huwaogopa nyuki. Shamba la jirani lenye mizinga limesalimika. Lake lina mizinga upande mmoja tu.

"Mwanangu, wewe unaniuliza nampigia nani," akasema. "Mimi namuuliza kila anayekuja: ndovu wa nani? Wakila mahindi yangu ni wa serikali, nikiwafukuza kwa moto ni wangu."

Hapo nimeipata karatasi ya kwanza. Hifadhi za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Wanyamapori wako chini ya serikali ya kitaifa, na mapato ya lango la hifadhi huelekea huko huko. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na fidia kwa mazao pia, lakini kila nyumba niliyoingia leo ina karatasi ya madai na hadithi ya kusubiri. Kwa hiyo mtu anapoishika karatasi nyeupe mkononi, hafikirii chama kwanza. Anafikiria nani yuko Nairobi anayeweza kukemewa. Wengi wameniambia kwa maneno tofauti kwamba kumpigia wa upinzani ilikuwa njia yao ya kukemea. Naona ndiyo maana hata walipomkosa rais mara tatu hawakujiona wamepoteza kura. Walikuwa wametuma ujumbe, na ujumbe hauharibiki kwa sababu aliyetumiwa hakuujibu.

Mchana nimeingilia Maungu hadi Rukanga, chini ya mlima Kasighau. Huku watu hawana haraka ya kumwamini yeyote anayekuja na orodha ya majina. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwatuhumu Wakasighau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi upande wa Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudi. Mzee mmoja amenisimulia kana kwamba alikuwapo, na hakuwapo, alisimuliwa na bibi yake. Nilipomtolea Fomu 34A ya wadi yake aliigeuza pande zote mbili, akauliza nani mwingine amebeba jina la kijiji chao kwenye begi.

Siku ya tatu, Jumanne. Mwatate

Mwatate ndiko serikali ya kaunti ilikoweka makao yake. Pembezoni mwa mji mkonge umepangwa mistari hadi macho yachoke.

Nimetumia siku nzima na karatasi ya buluu, kwa sababu nadhani ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi. Kaunti hii imekuwa na magavana watatu katika chaguzi tatu: John Mruttu wa ODM 2013, Granton Samboja wa Wiper 2017, Andrew Mwadime asiye na chama 2022. Hakuna aliyepewa awamu ya pili mpaka sasa. Wachambuzi wa mjini huita hilo kigeugeu. Kwenye kibanda cha chai mbele ya soko nimekuta maelezo bora kuliko yao. Mwalimu mstaafu alinichorea kwa kidole juu ya meza iliyomwagikiwa maji: "Rais ni wa mbali, unampigia kwa moyo. Gavana ni huyu hapa, dawa za zahanati ni zake, maji ni yake, barabara ya kijijini ni yake. Huyu unampigia kwa hesabu. Hesabu ikikataa, unafuta ubao."

Wote mezani walikumbuka mwaka 2019. Gavana Samboja na bunge la kaunti walivutana juu ya bajeti na fedha za maendeleo ya wadi, gavana akaanza kukusanya sahihi za wananchi ili kaunti ivunjwe chini ya Katiba, bunge la kaunti likamwondoa kwa kura mwezi Oktoba, Seneti ikamrudisha. Nilitarajia wabishane nani alikuwa na haki. Hawakubishana. Mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi ndiye aliyelitamka lililokuwa mioyoni mwao: miezi ile mishahara na malipo ya wenye kandarasi ndogo yalikwama, na yeye alikuwa anadaiwa unga.

Kuna jambo la sheria linalosahaulika. Rais lazima apite nusu ya kura zote, na apate angalau robo ya kura katika kaunti 24. Gavana anahitaji tu kumzidi aliye nyuma yake. Katika kaunti ambayo hakuna tarafa inayotosha peke yake, mgombea huru mwenye kijiji chake na marafiki kwa jirani ana njia ya kupita. Mwadime alikuwa mbunge wa Mwatate kwa awamu mbili kupitia ODM. Alipokiacha chama, watu wa hapa waliacha chama pamoja naye kwenye karatasi ya buluu, kisha wakarudi chamani kwenye nyeupe na ya manjano, katika kile kile kibanda cha kupigia kura, ndani ya dakika zile zile. Nchi nzima mwaka 2022 magavana huru walikuwa wawili tu, yeye na Kawira Mwangaza wa Meru.

Siku ya nne, Jumatano. Taveta

Leo ni siku ya soko Taveta, nami nimefika pamoja na mikungu ya ndizi. Lami kutoka Mwatate hupita Bura na Maktau, ikakatiza Tsavo Magharibi. Mbele yako Kilimanjaro ukiwa umeamka vizuri, na mpaka wa Tanzania uko pale karibu, Holili. Nusu ya bei sokoni hutajwa kwa shilingi zetu, nusu kwa zao.

Taveta ndiko ile ngome inakochanika mbele ya macho. Naomi Shaban aliingia bungeni 2002 kwa tiketi ya KANU, mwaka ambao wimbi la NARC, muungano wa upinzani, liliisomba KANU iliyokuwa ikitawala karibu kila mahali. Akarudi 2007 kwa KANU, 2013 kwa TNA, 2017 kwa Jubilee. Miaka ishirini, vyama vitatu, mtu mmoja. Mwaka 2022 kiti kikaenda kwa John Bwire wa Wiper.

Nimekaa na akina mama wa kikundi kimoja chini ya mwembe, nyuma ya soko. Walikuwa wanahesabu viti vya plastiki wanavyokodisha kwa mazishi na harusi, kila kimoja wamekiandika namba kwa rangi nyekundu mgongoni. Hao ndio walionifungulia karatasi ya zambarau, iliyokuwa imenitatiza tangu nyumbani. Tazama: Joyce Lay 2013 alikuwa TNA. Lydia Haika 2017 alikuwa Jubilee, 2022 UDA. Kaunti inayompa Raila karatasi nyeupe, mara zote tatu imempa mwanamke wa chama kilichompinga Raila mwaka huo karatasi ya zambarau. Na useneta, mara zote tatu, ODM.

Mwenyekiti wao hakuona kitendawili chochote. "Dada yetu anashika hazina ya vikundi," alisema, akimaanisha NGAAF, fedha za serikali ya kitaifa zinazopitia kwa wawakilishi wa wanawake. "Viti hivi, hema lile. Sasa ukitaka maji, unamtuma mtu asiyejua njia ya kisimani? Seneta yeye kazi yake ni kupiga kelele kule juu kwa ajili yetu. Apige." Wengine wakacheka, mmoja akapinga vikali kwamba yeye alimpigia Haika kwa sababu ni mchapakazi, chama hakijui wala hakitaki. Wakabishana hadi hesabu ya viti ikawapotea, wakaanza upya.

Mimi nawaamini wote wawili. Ila nachukua tahadhari: viti vya plastiki havielezi kura ya kila mtu, na ni dharau kudhani maskini hupiga kura kwa kiti. Mwenyekiti alichonieleza ni mgawanyo wa kazi. Ana karatasi sita na mahitaji zaidi ya sita, akampa kila mmoja kazi anayoona ataiweza.

Kuhusu ardhi nimesikia mengi, na kila aliyezungumza alishusha sauti. Mashamba makubwa ya mkonge yalimeza sehemu nzuri ya Taveta tangu ukoloni, na watu wamezaa na kuzika juu ya ardhi wasiyo na hati yake. Kila uchaguzi huja na ahadi ya hati. Mzee wa Mahoo alinionyesha risiti alizoweka ndani ya Biblia, karatasi zimelainika kama kitambaa. Sitaandika zaidi ya hapo, alinisihi.

Siku ya tano, Alhamisi. Barabarani

Nimeamka na homa, nimelala hadi adhuhuri, nikapanda gari la kurudi Mwatate. Kijana wa kiti cha pembeni hajajisajili kupiga kura na hataki. Alikuwa Nairobi Juni 2024 wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Anasema barabara ilifanya kwa wiki mbili kile ambacho debe halikufanya kwa miaka mitano. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimweleza tu kwamba wapigakura waliosajiliwa katika kaunti hii walikuwa kama 114,000 mwaka 2013 na kufikia 2022 walishapita 181,000, na kwamba walioongezeka ni rika lake. Akaniuliza kituo cha kujisajili kiko wapi, akasema anauliza kwa ajili ya mdogo wake.

Siku ya sita, Ijumaa. Wundanyi

Barabara ya Wundanyi hupanda kwa kona zinazojikunja hadi sikio linaziba. Juu kuna ukungu, mboga zimepandwa kwenye matuta kama ngazi, na ubaridi uliofanya nijute kuacha sweta Mombasa.

Mzee aliyenikaribisha amepita themanini. Alinipa kimanga na chai, kisha akanisimamisha uani ili anionyeshe mlolongo. Mwaka 1988 KANU iliendesha mchujo wake kwa wapigakura kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, na aliyepita asilimia 70 alichukua kiti bila kura nyingine. Alichukua mawe mawili akayaweka mbali mbali. "Huyu hapa, huyu pale. Chifu amesimama hapa katikati. Mke wangu alisimama huku, mimi kule, kwa sababu nilikuwa mtumishi wa serikali na yeye hakuwa. Usiku ule tulikula bila kuongea." Yeye alikuwa bado na kiu ya miaka ya Mashengu wa Mwachofi, aliyeingia bungeni 1979 akawa mmoja wa wale wabunge wachache wenye ulimi mkali waliopachikwa jina la "dada saba wenye ndevu". Kumpenda mtu wa namna hiyo mbele ya chifu hakukuwa jambo dogo.

Sasa naona kitu ambacho fomu zangu zisingeweza kunionyesha. Watu wa hapa huhudhuria mikutano ya wote, huvaa kofia za wote, huitikia salamu za vyama vyote, na mgeni hudhani wamenunuliwa na wote. Mzee alilisema kwa upole: ndani ya kile kibanda cha karatasi ngumu hakuna chifu, na mke wake, Mungu amrehemu, alipiga kura ya siri mara tano asimwambie mtu. Hata yeye hakuwahi kumuuliza.

Siku ya saba, Jumamosi. Werugha

Tangu mwanzo kuna sahihi moja iliyokuwa ikinivuta. Iko kwenye fomu ya Werugha, katika orodha ya mawakala: herufi za darasani, kubwa, zimenyooka, wakati wenzake wamechora mikunjo ya haraka. Nilimwonyesha mwenye duka, akamtambua bila kusita, akamtuma mtoto.

Alikuja na daftari la mistari chini ya kwapa. Alikuwa wakala wa chama siku ile, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi vituo vilipofunguliwa hadi alfajiri ya pili. Alinieleza walivyohesabu: sanduku lenye kifuniko cheupe kwanza, karani akiinua karatasi moja moja juu, akiigeuza ili kila wakala aone alama, akitamka jina. Taa zilififia usiku wa manane, wakaendelea kwa tochi za simu. Karatasi ikiwa na alama iliyovuka mstari, wote walisogea, vichwa vinagusana, mpaka wakubaliane. Fomu ya urais ilipokwisha, baadhi ya mawakala waliondoka. Yeye alibaki kwa masanduku matano yaliyosalia, akiandika.

Tuliweka fomu yangu na daftari lake mezani. Tarakimu za rais alizisoma kwa sauti, nami nikafuata kwa kidole. Zililingana zote, hata kura zilizokataliwa. Kisha akafungua ukurasa wa pili na wa tatu, ambao sijauona popote mtandaoni: safu sita zilizopigwa kwa rula, chumba kimoja, watu wale wale. Mia kadhaa ya majirani wamekubaliana kwenye safu ya kwanza, wametawanyika kwenye ya gavana, wamekaribiana tena kwenye ya seneta, wamehamia upande mwingine kabisa kwenye ya wanawake. Kwenye safu ya mwakilishi wadi kura zimegawanyika kwa vijiji kiasi kwamba alinitajia, kwa kila mgombea, bonde alikotoka.

Nilimwomba ninakili. Alifikiri, akakubali nisome lakini nisiandike, kwa kuwa wale ni majirani zake na chumba ni kidogo. Nilifunga kalamu.

Kabla sijaondoka alinionyesha ukurasa mwingine, mweupe, ambao amekwisha kuupiga mistari. Juu ameandika Agosti 10, 2027. Safu tano zina majina machache kwa penseli, ya wale wanaosemekana watagombea. Safu ya kwanza ina jina moja lililofutwa kwa raba, karatasi imekwaruzika hapo mpaka imekuwa nyembamba, na bado hajaandika jingine.

Nilimwachia fomu yake. Aliikunja mara mbili akaiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa 2022.